Tokeni ya Mzee Nuwa

Kila Jumapili, siku yake ya mapumziko, Angella alipanda treni ya mstari wa kijani kutoka Al Qusais kwenda Bur Dubai, na njiani akasoma nusu ya kila kibao. Herufi kubwa alizijua zote. Herufi ndogo hakuijua hata moja. Kwa hiyo penye jina la stesheni yeye aliona A, kisha kundi la vifaranga. Akaona Q, kisha vifaranga tena. Kuku mwenyewe alimtambua, watoto wakampita. Alishuka pale sauti ya mashine ilipotaja jina, kama wanavyoshuka hata maprofesa.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, Mganda wa upande wa Tororo, mpakani na Kenya. Alifanya kazi za ndani kwa madam Lamees, mama mpole kiasi chake, ambaye aliamini kwamba mfanyakazi wake anajua kusoma ila ni mvivu. Angella hakumsahihisha. Afadhali uvivu, uvivu hata matajiri wanao.

Huko Bur Dubai, juu ya duka la vitambaa, kulikuwa na chumba ambamo Judy, Mkenya wa mapokezi ya hoteli, alifundisha kusoma na kuandika bila malipo. Wanafunzi wake walikuwa wanawake wa kazi za ndani na vijana wawili watatu wa ulinzi waliosema wamekuja kuwasindikiza dada zao. Angella aliwaletea sambusa. Akishazigawa alitoka, akakaa kwenye ngazi, akasikiliza.

"Auntie, ingia bwana," Judy alimwambia Jumapili moja. "Kila wiki unakaa hapo kwa ngazi ni kama umeandikwa soja."

"Siwezi. Tokeni iko kwa kaka yangu."

"Tokeni? Ya stima?" Darasa zima likacheka. "Kwani kwa madam wako giza?"

"Si ya stima. Ya njia."

"Njia ya kwenda wapi, Auntie?"

"Ya kwenda shule," alisema Angella, na kwa kuwa hakutabasamu, walioanza kucheka walilazimika kumaliza peke yao.

Mambo hayo yalianzia kwenye reli.

Babu yake Angella, Mzee Nuwa, alikuwa mtu wa kubadilisha njia katika stesheni ndogo ambayo Waingereza waliijenga kwa ajili ya pamba. Pamba ndiye aliyekuwa abiria wa heshima; watu walisafiri naye ikibaki nafasi. Reli hiyo haikuja kuleta elimu. Iliileta kama injini inavyoleta moshi. Ilihitaji Mwafrika awezaye kutofautisha behewa moja na jingine, basi ikamfundisha kutofautisha mabehewa, ikaishia hapo. Wamisheni nao walifungua shule karibu na stesheni, maana vitabu vyao vilikuja kwa behewa na hakuna aliyetaka kuvibeba kichwani kuvuka mabonde. Watoto wa karani wa Kihindi walipata shule yenye sakafu. Watoto wa Mzungu mkuu wa stesheni walipelekwa Nairobi daraja la kwanza. Watoto wa landhi, yaani zile nyumba za chumba kimoja kimoja walimopangwa wafanyakazi weusi, walipewa banda. Na kule ng'ambo ya kilima, mahali filimbi ya treni isipofika, hakukuwa na sakafu wala banda mpaka Mwingereza alipofunga virago vyake. Ukitaka kujua nani anajua kusoma wilaya nzima, hukuhitaji kuuliza watu. Ulifuata reli.

Nuwa mwenyewe hakuingia hata bandani. Alijifunza kwenye mabehewa. Ubavuni mwao kulikuwa na herufi nyeupe, kubwa, za kusomeka kutoka mbali, na karani mmoja mwenye huruma alimtajia majina yake. Baadaye Nuwa aliwafundisha wanawe, na baada yao wajukuu, Angella akiwemo, vivyo hivyo, jioni, kwenye njia ya pembeni. Darasa lilikuwa na kasoro moja: injini ilipokuja, ilikokota ubao na kuondoka nao. Inasemekana mwaka mmoja herufi R ilikwenda Mombasa na haikuonekana tena mpaka mvua zikaisha, na watoto wa landhi wakakaa muda huo wote bila R. Herufi ndogo hazikuja kabisa. Hakuna aliyeona sababu ya kuandikia mzigo kwa herufi ndogo.

Sasa, tokeni. Pale reli ilikuwa njia moja. Treni ya kwenda na ya kurudi zilipita juu ya chuma kile kile. Ili zisikutane uso kwa uso, dereva hakuruhusiwa kutoka stesheni mpaka akabidhiwe tokeni, kipande cha shaba cha mviringo, kama sahani ya mtoto. Kwa kila kipande cha njia ilitolewa tokeni moja tu kwa wakati mmoja. Mwenye nayo anakwenda. Asiye nayo anangoja, hata kama amebeba gavana. Akifika stesheni ya pili anaikabidhi kwa mkono, na hapo ndipo mwingine anaipokea na kuondoka. Ilikuwa sheria nzuri. Nuwa alishaona siku ambayo haikufuatwa. Treni mbili zilikutana kwenye kona ya chini ya stesheni, na kwa muda mrefu baadaye hakula nyama.

Mitambo ya zamani ilipobadilishwa, tokeni moja ilibaki na haikuwa na kazi. Nuwa akaichukua. Kwa lugha ya sheria, aliiba. Kwa lugha ya familia, alijizawadia mapema, maana reli haikuja kumzawadia.

Na yeye, aliyekuwa na watoto wengi na mshahara wa mtu wa kubadilisha njia, akaweka utaratibu wa nyumba kwa hekima pekee aliyoijua. Njia ya shule ni moja. Mtoto mmoja atavalishwa tokeni shingoni, ataondoka. Wengine wangoje. Akishafika, yaani akishapata kazi ya maana, ataileta nyumbani na kuikabidhi kwa mkono, na wa pili ataondoka. Wawili wakienda kwa pamoja watagongana. Hakuna aliyemuuliza watagongana vipi. Aliyeona kona ile haulizwi.

Hivyo ndivyo elimu ilivyosafiri katika ukoo ule, kwa ratiba ya treni ya mizigo. Hesbon, baba yake Angella, aliipata tokeni akiwa na ndevu, akakaa benchi moja na watoto waliomfika kiunoni, akaacha kabla vifaranga havijaanza kufundishwa. Mabinti wa Nuwa hawakuipata kabisa. Waliwekwa pembeni wapishe treni za haraka, na treni za haraka hazikuisha.

Hesbon akarithi sheria pamoja na shaba. Serikali ilipotangaza shule ya msingi bure kwa wote, mzee alitafakari siku kadhaa, kisha akaamua kwamba shule ya msingi ni kusogeza mabehewa ndani ya stesheni tu, na kazi hiyo haihitaji tokeni. Kenneth, kitinda mimba, akaponea hapo. Lakini wakati huo Angella alikuwa keshaolewa, na baadaye akaachika, na talaka hurejesha vitu vingi lakini si utoto.

Kaka yao mkubwa, Zedekiya, ndiye aliyevaa tokeni zamani hizo, na Angella ndiye aliyekuwa wa pili. Alipokuwa mtoto alimwona kaka yake akiondoka asubuhi na kipande kile kikimetameta kifuani, akajua kwamba siku kitakaporudi kitakuwa chake. Akangoja. Asubuhi moja akachoka kungoja. Alikwenda nyuma ya darasa, akapanda tofali, akachungulia dirishani. Mwalimu akamwona, akamwambia aingie, akae. Akaingia. Akakaa. Ubaoni palikuwa na maneno, na kwa muda wa somo lile moja alikuwa mwanafunzi.

Nyumbani mama yake alimkosa. Akatoka kumtafuta, akifuata reli, kwa sababu watoto wa landhi daima walipotelea relini. Sikio moja la mama lilikuwa limekufa tangu surua ya utotoni. Siku hizo treni za mizigo zilipita zilipojisikia, bila ratiba. Ya siku ile ilitokea upande wa sikio lililokufa.

Hesbon hakumpiga Angella, wala hakumkemea. Baada ya mazishi alimwita, akamwambia maneno mawili tu: "Treni mbili." Kisha akaenda zake kulisha kuku.

Tangu siku hiyo Angella hakuingia darasa lolote. Kanisani alikaa karibu na mlango.

Zedekiya naye alisoma. Alisoma sekondari, akasoma chuo cha ufundi, na alichosomea, kwa heshima ya babu, ni ishara za reli. Alihitimu vizuri. Kwa bahati mbaya, alipohitimu treni zilikuwa zimeacha kupita. Nyasi zilikuwa zimeota kati ya mataruma, na watu wenye misumeno walikuwa wameanza kuuliza bei ya chuma. Zedekiya akabaki na utaalamu wa kuongoza kitu ambacho hakikuwepo. Hakuweza kusema amefika. Akaiacha tokeni shingoni.

Kisha akasikia kwamba Dubai wamejenga reli. Hilo ndilo lililomleta, na si wengi wa Al Qusais wanaoweza kusema walikuja kwa sababu ya kielimu. Alikuta treni zisizo na dereva, zinazoelewana zenyewe kwa waya. Hakuna tokeni, hakuna mtu wa kubadilisha njia, hakuna hata mtu wa kulaumiwa. Alizitazama kwa heshima, halafu akapata kazi ya ulinzi Jumeirah Village Circle, mtaa ambao treni haziufiki. Alipomwita dada yake aje, alimtafutia kazi karibu na makazi ya kampuni yake, na kila alipokuja kula chakula alichompikia alimwambia jambo lile lile: bado niko njiani.

Ndipo, baada ya yale maneno ya Judy, Angella alipomfuata kazini kwa basi.

Zedekiya alikuwa mezani kwenye ukumbi wa jengo, amevaa sare iliyopigwa pasi mpaka inakata. Alipomwona, alisimama.

"Anji. Nani amekufa?"

Katika familia yao, mtu akija bila kutarajiwa, salamu ndiyo hiyo.

"Hakuna aliyekufa, kaka. Nimekuja kuomba tokeni."

Mkono wa Zedekiya ulikwenda kifuani wenyewe, juu ya vifungo. Kijana wa pizza akaingia akikimbilia lifti.

"Habibi, lifti ya mizigo! Ile ya nyuma. Yalla." Kisha akamgeukia dada yake. "Unaitakia nini?"

"Kuna darasa Bur Dubai. Judy, yule Mkenya, anafundisha kusoma."

"Kwa umri huo?"

"Umri huu ndio niliobakiwa nao."

Zedekiya akacheka, halafu akaacha. Mpangaji mmoja akapita na mbwa mdogo aliyevaa viatu. "Good morning, Zed." "Good morning, sir." Mbwa naye akapokea salamu yake.

"Anji, sikiliza. Nikikupa, maana yake nimefika."

"Kwani hujafika?"

"Wapi?" Akazungusha macho ukumbini: marumaru, mmea wa plastiki, tangi la samaki ambalo samaki wake walikufa na maji yakaachwa kwa urembo. "Hapa?"

"Hapa pana kiti," Angella alisema. "Pana hewa baridi. Kuna watu wamefika pabaya kuliko hapa."

"Baba kila akipiga simu ananiuliza, uko wapi. Namwambia niko njiani. Nikivua kitu hiki nitamwambiaje? Kwamba stesheni ya mwisho ilikuwa meza ya kupokelea pizza?"

"Mwambie ukweli."

"Ukweli hauna mtandao mzuri." Akainamisha kichwa, akashusha sauti. "Nina mtihani wa ile diploma ya usalama mahali pa kazi, mwezi wa tisa. Ya mtandaoni. Nikipita nitakuwa nimefika kihalali. Nitakukabidhi kwa mkono wangu mwenyewe, na tutampigia baba pamoja. Ngoja kidogo tu, Anji."

Diploma ile alikuwa ameianza zaidi ya mara moja. Ilikuwa na tabia ya kukatikia katikati, kila kampuni ilipobadilisha zamu.

"Nimezoea," alisema Angella. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja kazi yake.

Alipokuwa anatoka, Zedekiya alimwita. "Anji! Mle darasani wanafundisha nini sasa hivi?"

"Sijui. Nasikia kwenye ngazi tu. Kuna kitu kinaitwa nukta."

"Nukta ni rahisi," kaka yake alisema. "Nukta ni mahali pa kusimama." Akatabasamu, kwa mara ya kwanza siku hiyo, kama mwalimu ambaye hakuwa.

Mwezi wa nane, asubuhi, basi la kampuni liliwachukua walinzi wa zamu kutoka Jumeirah Village Circle kwenda makazi yao Al Qusais. Wote walilala, kama kawaida. Basi lile lilikuwa ndilo kitanda chao cha kwanza. Lilipofika makazini walishuka wakipiga miayo. Zedekiya hakushuka. Aliyekaa nyuma yake alidhani amechoka, akamwacha apumzike. Dereva naye alidhani hivyo hivyo, akalipeleka basi yadi, akaliegesha, akazima injini. Daktari alisema ni moyo. Alisema uliacha mapema, pengine kabla hata hawajaingia barabara kuu. Kwa hiyo basi lilifika, na abiria wote waliandikwa kuwa wamefika.

Madam Lamees alimpa Angella ruhusa, na abaya nyeusi ya kuazima, na akalia kidogo mwenyewe, jambo ambalo Angella alilikumbuka baadaye kwa mshangao.

Kwenye chumba cha maiti alipokelewa na mfanyakazi anayeitwa Humam, kijana wa ndevu zilizochongwa vizuri, aliyezungumza Kiarabu polepole, kile cha kuongea na wafanyakazi wa nyumbani. Alimpa mfuko wa plastiki wenye vitu vya marehemu: simu, kitambulisho, kofia ya kazi, shaba ya mviringo kwenye kamba iliyochakaa.

"Khalas, mama. Unaweza kwenda."

"Bado," alisema Angella. Akaitoa tokeni. "Nataka kuiweka mkononi mwake. Kisha niichukue."

"Uiweke, kisha uichukue?"

"Ndiyo."

Humam alitafuta maana ya jambo hilo, akaikosa. Lakini kazi yake ilikuwa imemfundisha kutobishana na watu wa aina hiyo. Akafunua shuka upande mmoja. "Yalla, mama. Haraka."

Mkono wa Zedekiya ulikuwa umekunjuka kidogo. Angella aliweka tokeni kiganjani na kuvikunja vidole juu yake. Akangoja kidogo, kwa adabu, kama kaka yake angetaka kusema neno. Kisha akanyoosha mkono wake kupokea. Ila vidole havikushika. Vilifunguka vyenyewe, na shaba ikaanguka sakafuni, ikalia kama kengele ya stesheni, ikabingirika mpaka chini ya meza ya chuma.

Angella alibaki amenyoosha mkono. Tokeni iliyookotwa chini si tokeni. Kila mtoto wa landhi anajua. Iliyookotwa inarudishwa ofisini, na njia inafungwa.

Humam akapiga magoti, akapapasa chini ya meza, akaipata. Akaipangusa kwa koti lake jeupe. Akampa, kwa mkono wa kulia, akagusa kifua chake kwa heshima. "Allah yirhamo," alisema. Mungu amrehemu.

Angella aliitazama shaba mkononi mwake. Alikuwa amekabidhiwa, hilo lilikuwa wazi. Na nani, ndilo swali. Mzee Nuwa aliweka sheria nyingi, lakini hakuna iliyosema lolote kuhusu Humam.

Siku jeneza liliposafirishwa, walimruhusu kulitazama kabla halijaingizwa kwenye upande wa mizigo wa ndege. Lilifungwa kwa mbao nyepesi, na juu yake palibandikwa karatasi. Angella alisogea, na akasimama ghafla, maana karatasi ile aliweza kuisoma. Haikuwa na kifaranga hata kimoja. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa mwanzo hadi mwisho, kama mabehewa. Akasoma kwa kidole, taratibu: Z. E. D. E. K. I. Y. A. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisoma jina la kaka yake. Akalirudia mpaka wapakiaji walipomwomba apishe.

Baba yake alipiga simu baada ya mazishi. Sauti ya Hesbon ilikuwa imenyooka, kama ya mtu anayetoa taarifa kwa mkubwa wake.

"Amefika," alisema. "Gari lililomleta lilipoingia uani nilikwenda nyuma yake, nikasimama mpaka nikaona taa ya nyuma. Amefika kamili."

Angella alifumba macho. Katika reli, treni haihesabiwi kuwa imefika mpaka mtu wa stesheni aone taa ya behewa la mwisho. Ndipo inajulikana kwamba hakuna kipande kilichobaki njiani, na njia iko wazi. Alikuwa ameyangoja maneno hayo tangu utotoni. Hakuwahi kufikiria kwamba yangetamkwa hivi.

"Basi njia iko wazi, baba?"

"Iko wazi. Ndiyo maana nakupigia. Ile tokeni unayo?"

"Ninayo, baba."

"Vizuri. Itume haraka. Mtoto wa Kenneth amepata chuo kikuu, anaondoka mwisho wa mwezi. Hawezi kwenda hivi hivi, shingo tupu. Mpe mtu anayekuja."

Angella alikuwa jikoni kwa madam Lamees, amesimama mbele ya sinki. Maji yalikuwa yakitiririka. Aliyafunga.

"Baba, mimi ndiye niliyekuwa wa pili."

"Nini?"

"Baada ya kaka. Mimi ndiye niliyekuwa wa pili."

Upande wa pili jogoo aliwika, akamaliza. Pengine mzee alikuwa akikumbuka. Pengine alikuwa akijaribu kukumbuka ni treni gani hiyo, iliyowekwa pembeni mpaka ikaota nyasi.

"Wewe si ulishaolewa?" alisema mwishowe, bila ubaya wowote. "Itume, mwanangu. Kijana anangoja."

"Iko njiani, baba," alisema Angella.

Jumapili iliyofuata hakuleta sambusa. Alipanda ngazi za juu ya duka la vitambaa, akapita pale alipozoea kukaa, akaingia. Judy alimwona. Akamsogezea kiti.

"Karibu, Auntie. Pole tena."

Angella alikaa karibu na mlango. Tokeni ilikuwa ndani ya gauni, baridi. Judy akaandika ubaoni alama ndogo ya mviringo yenye mkia.

"Hii ni nini?"

"A," darasa likajibu.

"A si hiyo," alisema Angella kabla hajajizuia.

"Ni a ndogo, Auntie."

"A ina miguu miwili. Inasimama. Hiyo imekaa."

"Basi imekaa," Judy alisema. "Imechoka kama sisi. Andika hivyo hivyo."

Wakacheka, na Angella akashika kalamu, akaanza kuandika A iliyokaa. Kila alipomaliza moja alinyanyua kichwa kidogo na kugeuza sikio kuelekea mlangoni. Aliyekuwa jirani yake alidhani ana miadi. Barabarani chini lori lilipiga honi, na kalamu ikachana karatasi. Judy akaleta karatasi nyingine bila kuuliza. Angella alikaa mpaka somo likaisha. Alikuwa wa kwanza kuinuka.

Kisha akatoka, akakaa kwenye ngazi zake za zamani, akampigia Kenneth.

"Dada! Vipi?"

"Nani amekufa?"

"Nini?"

"Nauliza, nani amekufa? Leo. Tangu asubuhi."

"Hakuna aliyekufa, dada. Wewe una nini?"

"Baba?"

"Yuko hapa nje, anagombana na redio."

"Mke wako? Kijana?"

"Wako. Kijana anafunga sanduku, anauliza ile tokeni imefika wapi."

"Na mtoto wa jirani? Yule anayechezea relini?"

"Reli gani, dada? Ilishang'olewa yote. Pale pamelimwa mihogo."

"Nyumba nzima wako?"

"Wote wako. Hata ng'ombe yuko. Dada? Dada, unanisikia?"

Alikuwa anamsikia. Wanafunzi wenzake walishuka wakimpita, mmoja mmoja, wakiukunja upande wa nguo wasimkanyage, na Judy alipofunga mlango na kumkuta pale, simu ikiwa bado sikioni na Kenneth akiita, Angella alikuwa akilia kama ambavyo hakulia hata kwenye chumba cha maiti, akirudia jambo moja ambalo Judy hakulielewa hata kidogo: kwamba hakuna aliyekufa, hata ng'ombe yuko, hata ng'ombe.